Ngozi Iliyotoka Pajani

Mwaka ule mvua zilinyesha kwa mpango, na ufuta wetu pale Nambambo ulisimama vizuri kuliko miaka mingi. Mimi na mke wangu Somoe tulikuwa tunapalilia nilipohisi kipele nyuma ya korodani, mahali ambapo mtu hupakalia akipanda baiskeli. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Nikasema ni jasho, kitapasuka chenyewe. Nikaendelea na jembe.

Jina langu Saidi. Nalima ufuta na korosho, na siku za mechi nachezesha mpira wa vijijini, ndiyo maana watu wa Nambambo hadi Mnero hawanijui kwa Saidi, wananijua kwa Refa. Haya naandika nikiwa mzima. Wakati naumwa nilitafuta mwanaume mmoja tu aniambie kwamba na yeye yalimpata na akapona, nikamkosa. Si kwamba hawapo. Wapo, ila sisi wanaume tukiumwa huko chini tunasema tuna ngiri, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nimeamua nisiseme ngiri. Nitataja vitu kwa majina yake, na msomaji anayeona haya aone haya kidogo kisha aendelee kusoma.

Kipele hakikupasuka. Kiligeuka uvimbe, uvimbe ukasambaa, na baada ya siku chache nikawa natembea miguu imeachana kama mtu aliyebana kibuyu katikati ya mapaja. Homa ikaja. Somoe aliponiuliza nikamwambia ni malaria. Akauliza ni malaria gani inayomfanya mtu atembee vile, nikasema na mgongo pia unauma. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, nilikuwa nakunywa maji kupita kiasi na kuamka kila mara kwenda kukojoa. Hilo nalo nililisingizia jua la shambani.

Kaka yangu Issa anakaa Ruangwa mjini, ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki yeye ndiye baba. Nilimpigia simu kwa sababu kumwambia mwanaume mwenzangu niliona ni rahisi zaidi. Kesho yake akafika na chupa ya dawa ya mizizi aliyopewa na mganga. Alisema kuna mtu amenitupia jambo, pengine shabiki wa ile timu iliyofungwa kwa penalti niliyoitoa mimi. Nikainywa. Siku iliyofuata nikainywa tena, na ngozi ikaanza kuwa nyeusi na kutoa harufu.

Harufu ndiyo iliyoniumbua. Somoe aliingia chumbani mchana, akarudisha mlango, akaniambia, "Baba Zuhura, vua nione."

Nikamwomba anipe muda.

"Muda wa nini? Ukinificha mimi, watakaokuona ni waosha maiti."

Nikavua. Hakupiga kelele. Alitazama, akanifunika taratibu, akatoka nje akamwambia Issa aiweke chupa yake chini na atafute gari.

Tabibu wa zahanati alinitoboa kidole, na kimashine chake hakikutoa namba, kiliandika herufi mbili tu. Akaeleza kwamba sukari imepanda hadi kimashine kimeshindwa kuisoma. Nilikuwa na kisukari wala sikujua. Alipokiona kidonda chenyewe alitoka haraka kwenda kupiga simu. Jioni ile ile nilikuwa kwenye gari la wagonjwa naelekea hospitali kubwa, barabara imejaa matope, na kila shimo nililipokea mahali pasipostahili.

Sikumbuki kuingia chumba cha upasuaji. Nakumbuka kuamka, mdomo mkavu, na daktari kijana mrefu mwenye sauti ya chini amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alianza kwa kunisalimia shikamoo, na mimi kwa hali ile nikajibu marahaba. Kisha akanieleza bila kuzunguka. Vijidudu vilikuwa vinakula nyama chini ya ngozi, na sukari ilikuwa inavilisha. Ilibidi akate kila kilichokufa. Ngozi ya uume wote ilikuwa imeondoka, na mfuko wa korodani ulikuwa umeondoka wote. Korodani zenyewe zilikuwa salama, kichwa cha uume kilikuwa salama, na njia ya mkojo ilikuwa salama. Alinihesabia hivyo vitatu vya mwisho polepole ili nivisikie.

Mimi nilisikia vile viwili vya kwanza tu. Nikageukia ukutani.

Kwa muda mrefu sikutazama. Mkojo ulikuwa unatoka kwa mpira hadi kwenye mfuko ulioning'inia kitandani, na huko chini nilikuwa nimefungwa pamba na bandeji kama mzigo wa kusafirishwa. Kila asubuhi alikuja Sista Paskalina, nesi wa makamo, mama mnene mwenye vidole vyepesi, kunisafisha kidonda. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, kwa hiyo utani haukukosekana. Aliposikia mimi ni refa aliniuliza ni nani amenipa kadi nyekundu. Alikuwa akimaliza kuosha anapaka asali, asali hii hii ya nyuki, iliyosafishwa. Nikamwambia mimi nimekatazwa sukari. Akasema asali hiyo haipiti mdomoni, nitulie. Nilikuwa nauma shuka huku nacheka, na mpaka leo sielewi vitu hivyo viwili viliwezaje kukaa pamoja.

Somoe alikuwa analala chini ya kitanda changu kwenye mkeka, kama ndugu wa wagonjwa wengine. Asubuhi moja, baada ya kumaliza kunisafisha, Sista Paskalina alimuuliza kama yuko tayari kuona, kwa sababu siku moja itabidi afanye kazi ile nyumbani. Somoe akainama akatazama kwa muda. Nilikuwa nimefumba macho. Nikamuuliza pakoje.

"Pamekaa kama muhogo uliomenywa," akasema. "Lakini muhogo wenyewe upo."

Sista Paskalina aliangua kicheko akalazimika kushika chuma cha kitanda. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikafumbua macho nikatazama. Ilikuwa kweli. Palikuwa pekundu, palikuwa panatisha, na korodani zilikuwa zinaning'inia wazi kama vitu vya mtu mwingine. Lakini nilikuwepo.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Benadikto, Mmakua aliyehamia vijiji vya upande wa Ruangwa tangu ujana wake, fundi wa kuchoma matofali. Yeye alikuwa na saratani. Kidonda kidogo kichwani mwa uume alikikalia kimya karibu mwaka mzima, anakifuta na kukifunga kitambaa, hadi kikawa hakifichiki. Walimkata sehemu ya mbele. Baadaye, saratani ilipoonekana haijasambaa, walimrudisha wakaifungua ile kamba ya ndani inayokishikilia kiungo kwenye mfupa, ili kipande kilichobaki kijitokeze nje zaidi, wakakivika ngozi ya paja. Alinionyesha bila kuombwa. Kilikuwa kifupi, na yeye hakujidanganya kuhusu hilo. Alisema alichokuwa anakililia sana ni kukojoa amesimama, na sasa anakojoa amesimama, na watoto anao sita, kwa hiyo hana ugomvi na mtu. Alisema pia kwamba kulikuwa na wiki ambazo hakutaka kuishi, na kwamba zilipita. Benadikto ndiye mwanaume niliyekuwa namtafuta, ila nilimpata nikiwa tayari nimelazwa.

Nje, huku nyumbani, Issa alikuwa amewaambia watu kwamba nimekwenda kupasuliwa busha. Kwetu busha ni la kawaida, halimshangazi mtu. Basi salamu zikawa zinakuja za busha. Mzee mmoja wa Mnero alinitumia ujumbe kwamba lake lilikuwa kubwa kuliko langu na sasa anapanda mnazi. Issa alikuja kunitazama kila alipoweza kufunga duka, lakini kitambaa kikifunuliwa alikuwa anatoka nje kwenda kuzungumza na simu isiyolia. Mimi na yeye hatukuitaja ile chupa. Ilikuwa imekaa kati yetu kila alipoketi, na siku moja Somoe akamwambia mbele yangu kwamba chupa ile ingemfanya mjane. Issa akainuka akaondoka. Hakuja tena kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili nilimkumbuka kuliko nilivyodhani.

Wakati watu wanakata ufuta na kuusimamisha vitita ukauke, kidonda changu kilikuwa kimejaa nyama nzuri nyekundu, na sukari ilikuwa imeshuka. Daktari akasema ni wakati wa kunivika ngozi. Alieleza kwamba atakwangua ngozi ya juu ya paja, nyembamba kama ganda la kitunguu, na paja litajiotesha nyingine lenyewe. Kipande kimoja kizima atauzungushia uume, asikitoboe, ili kisije kikavuta kovu. Kwa mfuko wa korodani atakipitisha kipande kingine kwenye mashine inayokitoboa matundu kama wavu, ili kitanuke na kushika vizuri. Akasema si kila kipande hushika. Kikikataa sehemu, wataiongeza au itajifunga yenyewe.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu kilimo. Kama nitakuwa mume tena.

Akafikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimpenda. Alisema nyama ya ndani ambayo husimama haikuguswa, na mishipa ya hisia ya kichwa ipo. Ngozi mpya itakuwa na ganzi mwanzoni, na huenda sehemu nyingine zisipate hisia kamwe. Kovu linaweza kuvuta, na likivuta linaweza kurekebishwa. "Sikuahidi kitu kipya kabisa, mzee," akasema. "Nakuahidi kitakachofanya kazi yake, na kama hakifanyi, utarudi tukitazame tena."

Baada ya upasuaji ule kazi yangu ilikuwa kulala chali bila kujigeuza, uume umefungwa na kusimamishwa kwa pamba nyingi, na kuomba Mungu kusiwe na msisimko. Kiungo kikisimama katika siku zile za kwanza, ngozi inabanduka. Walinipa vidonge vya kuzuia, lakini Benadikto, aliyekwisha kupita pale, alinipa dawa yake mwenyewe: nikihisi chochote niwaze mkutano wa kijiji, tena ajenda ya mengineyo. Nawaambia inafanya kazi.

Watu watakuuliza kama huko kulikokatwa ndiko kulikouma. Hapana. Lililouma ni paja. Paja lilinichoma kama lililomwagiwa uji wa moto, mchana na usiku, na nikawa nalalamikia paja kuliko kitu kingine chochote, hadi Sista Paskalina akasema wamekosea wodi, mimi ni mgonjwa wa mguu.

Siku ya kufungua bandeji Somoe alisimama upande mmoja na daktari upande mwingine. Issa naye alikuwa amekuja, safari hii hakutoka nje, ila alisimama kwenye kona na kuitazama dari. Daktari alilowesha pamba kwa maji ya chumvi, akazibandua moja moja. Nikaona ngozi. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, imekunjamana, lakini imeshika. Uume ulikuwa umeshika wote. Kwenye mfuko wa korodani kulikuwa na sehemu moja ndogo kama kifungo cha shati iliyokataa, na daktari akasema hiyo itajifunga yenyewe, na kweli ilijifunga.

Issa akayashusha macho kutoka kwenye dari, akasogea, akatazama. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo.

"Mdogo wangu, ningekuua," akasema.

Nikamwambia hakuniua, na aniletee chai isiyo na sukari. Somoe ndiye aliyemletea yeye kiti.

Nilirudi Nambambo wakati wa baridi, watu wamekwisha kuanza kupuliza dawa mikorosho. Ukweli ni kwamba kurudi kulikuwa kugumu kuliko kulazwa. Hospitali kila mtu ana lake, nyumbani wewe peke yako ndiye mgonjwa. Nilikojoa nimechuchumaa kwa muda, kwa sababu mkojo ulikuwa unatawanyika, na sikutaka kwenda msikitini kwa hofu ya kuonekana chooni. Nilikonda. Suruali zangu zote zilinivuka. Nilianza kulala kwenye chumba cha nje, nikijisingizia kwamba paja linataka nafasi.

Shangazi yake Somoe, bi Asumini, akaja kututembelea kutoka Ruangwa. Alileta mbaazi, akakaa siku mbili, na siku ya pili nikawasikia jikoni. Alikuwa anamuuliza kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana. Alisema busha halimweki mtu hospitali msimu mzima, kwamba Somoe bado ni kijana, ana mtoto mmoja tu, na hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke kukaa na mwanaume ambaye si mwanaume. Kama kuna jambo aseme, wazee watakwenda kulizungumza.

Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko na sikuweza kuondoka. Nilimsikia Somoe anaendelea kupepeta.

"Shangazi," akasema, "mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na kipande cha mtu."

Jioni bi Asumini alipokwenda kuoga, nilimwita Somoe nikamwambia nimesikia. Nikamwambia maneno ya shangazi yake yana haki, yeye ni huru, na mimi sitamwekea kinyongo. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu hospitali, na niliyatoa vizuri, kama mtu anayesoma taarifa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akaenda chumba cha nje, akakunja godoro langu, akalibeba kichwani mbele ya shangazi yake aliyekuwa anatoka kuoga, akalirudisha ndani.

Mambo ya ndoa hayakurudi siku hiyo wala mwezi huo. Yalirudi kidogo kidogo, korosho za kwanza zilipoanza kuanguka. Sitaeleza yote, watoto wangu watasoma. Nitasema yanayomfaa mwenye shida. Kwanza, ngozi ile mpya haikuwa na hisia, ilikuwa kama kuvaa nguo, lakini kichwa kilihisi kama zamani. Pili, Somoe alicheka kwa sababu ngozi ya paja ilikuja na vinyweleo vyake, na rangi yake ni nyeusi kuliko mimi mwingine, na kucheka kwake kulinisaidia kuliko vidonge. Tatu, kovu lilivuta. Upande wa chini, karibu na shina, palikaza kama uzi, na kiungo kikawa kinapinda na kuuma.

Niliporudi kliniki nilikaa kwenye benchi refu la kungojea pamoja na wanaume wengine, kila mmoja ameshika karatasi yake na kuitazama miguu yake. Jirani yangu akaniuliza nina nini, kisha bila kungoja akasema yeye ana ngiri. Nikamwambia mimi nilikatwa ngozi yote ya uume nikavikwa ya paja, na nimekuja kwa sababu inavuta. Benchi zima likaacha kutazama miguu. Halafu mwanaume wa mwisho kabisa, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, akauliza kama ilishika. Nikasema ilishika. Akasogea, na walio katikati wakasogea pia, na tulipoitwa nilikuwa nimekwisha kueleza mpaka habari za asali. Yule mwenye ngiri alikiri kwamba si ngiri.

Ndani daktari alikuwa na wanafunzi watatu, wawili wasichana. Ilibidi niseme mbele yao wote kwamba kinapinda, kinapinda wapi, na wakati gani. Masikio yaliniwaka moto. Mmoja wa wale wasichana aliandika kila neno bila kuinua uso, na nadhani yeye aliona haya kuliko mimi. Daktari alichora kwenye karatasi atakavyokata: si mstari mnyoofu, bali kwa kona kona, halafu pembe za ngozi zinabadilishana nafasi na kovu linapata urefu. Wakanifanyia katikati ya msimu wa korosho. Safari hii nilikaa hospitali siku chache tu. Sista Paskalina alinisalimia kwa kuniuliza kama nimekata rufaa.

Nyumbani, Issa ndiye aliyesimamia kuokota na kuanika korosho zangu. Alikuwa amefunga duka. Na kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba alikuwa amekwenda kupima sukari. Somoe alimwambia kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu ya familia, na yeye, aliyekuwa hawezi kulisikia neno la hospitali bila kutaja mganga, alikwenda mwenyewe akatoboa kidole. Alikuwa nayo. Hakuwa na kidonda, hakuwa na chochote, alikuwa na sukari tu, iliyokuwa inamla kimya. Sasa tunakunywa chai kavu pamoja na kulaumiana kwa ladha yake. Vidonge vyake anavisahau, vyangu anavikumbuka.

Kovu la pili lilipona vizuri. Kiungo kinanyooka, si kama cha kijana wa jando, lakini kinanyooka. Mkojo unatoka kwa mstari mmoja. Baridi ikija ngozi inakakamaa, naipaka mafuta ya nazi. Nikikimbia sana mfuko wa korodani unawasha, kwa hiyo sasa nachezesha kipindi kimoja na kumwachia mwingine cha pili, na wachezaji wanasema angalau sasa wanapata kipindi kimoja cha haki. Sukari inapanda na kushuka, na Somoe ananipimia ugali kwa jicho, jicho lisilo na huruma.

Ufuta wa mwaka uliofuata ulipovunwa, Somoe aliacha kula samaki. Alisema wananuka. Mimi nilinusa, nikaona ni samaki wa kawaida. Alinitazama mpaka nikaelewa. Daktari alikuwa amenitahadharisha mapema kwamba korodani zilizokaa wazi siku nyingi kiasi kile huenda zisizae tena, na mimi nilikuwa nimelipokea hilo na kulifunga. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikalia kama mtu aliyefiwa, na kuku wakanikusanyikia wakidhani nimeleta pumba.

Mtoto alikuja Januari. Hospitali ya Nachingwea, mchana, nje wanaume tumekaa ukutani. Nesi alitoka na kifurushi cha kanga akamtaja Somoe, akauliza baba yupo. Nilisimama nikasema ni mimi. Akanipa. Alikuwa msichana, mzito, amekunja ngumi, na hakuwa na habari na mtu yeyote. Nilikaa naye nikasahau kumuuliza nesi chochote, hadi nesi mwenyewe akaniambia mama yake ni mzima na anataka uji.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Issa, yuko shambani kwangu, anapaza sauti kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mvua kubwa. Alisema ardhi imelowa vizuri, mbegu ziko tayari, nifanye haraka nirudi tupande leo hii kabla jua halijakausha. Katika maisha yangu sijawahi kuchelewesha kupanda ufuta hata kwa nusu siku.

Nikamwambia kaka, ufuta usubiri. Mikono yangu imejaa.